Sanduku la kufundishia ukame: kisanduku na kalamu ndiyo mali, kitabu wekeni kabatini

Walimu wenzangu mnaoniuliza kama lile sanduku la masomo ya ukame na utunzaji wa maji, lile linaloagizwa kupitia mawakala wa Darajani, lina thamani ya pesa zake: ndiyo, linunueni. Ila msilinunue kwa sababu zilizoandikwa juu ya boksi. Mimi ninafundisha sayansi Kidato cha Kwanza na cha Pili, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, upande ule wa baina ya Paje na Makunduchi. Kamati ya wazazi ilichanga, walimu tukaongezea, na mpaka linafika skuli, pamoja na nauli ya boti kutoka Dar, lilitutoka kama laki moja na themanini na tano elfu. Nimelitumia tangu kaskazi mpaka masika yakamalizika.

Ndani yake mna kisanduku cha plastiki kinachoonesha ndani, urefu wa rula moja na nusu, na mifuko ya kokoto, mchanga na udongo wa kujazia. Mna vipampu viwili vya mkono, kalamu ya kielektroniki ya kupimia chumvi kwenye maji, kipimamvua, saa ya mchanga ya dakika tano, kichupa cha rangi, pakiti ya vidonge vya rangi, bango la ukutani, na kitabu cha mwalimu chenye masomo kumi na mawili, Kiingereza kitupu.

Nianze na kitabu, maana ndicho kilichotaka kunikosanisha na darasa. Kimeandikwa kwa watoto wa California, na wala hakifichi. Somo la kwanza linamtaka mwanafunzi afunge mfereji anapopiga mswaki. La pili linampa ile saa ya mchanga akaitundike bafuni ili asioge zaidi ya dakika tano. Vidonge vya rangi ni vya kutia kwenye tangi la choo cha kuvuta, kisha usubiri uone kama rangi inavujia chini. Sasa darasani kwangu watoto wengi wanaoga kwa ndoo na kata, na wasichana wengine wameshajitwika dumu la lita 20 kabla jua halijatoka. Nilisoma lile somo la mswaki kama lilivyo, nikitafsiri, na msichana mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Ticha, sisi mfereji wetu unajifunga wenyewe." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Siku hiyo hiyo kitabu kikaingia kabatini. Nilikitoa tena kwa kurasa chache tu, nazo nitazitaja kwa sababu ni nzuri kweli.

Ya kwanza ni ile ya theluji. Inaeleza kuwa kama asilimia 30 ya maji ya California hutokana na theluji ya milima ya Sierra Nevada. Inaanguka wakati wa baridi, inakaa juu kule, halafu inayeyuka pole pole miezi ya joto, wakati mvua hakuna na mashamba yanataka maji. Tarehe 1 Aprili 2015 wapimaji walipanda kwenda kupima kina chake wakakuta imebaki asilimia 5 tu ya kawaida ya msimu. Gavana Jerry Brown alisimama pale pale kwenye majani makavu, mahali ambapo angetakiwa azame kwenye theluji, akatangaza amri ya kupunguza matumizi ya maji mijini kwa asilimia 25. Watoto waliipenda picha ile. Na swali likaja lenyewe, sikulipanga: "Na sisi theluji yetu iko wapi?"

Swali hilo ndilo lililobeba muhula mzima. Unguja haina theluji, haina ziwa, haina mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima. Ghala letu tunalikanyaga: ni mvua ya masika na ya vuli inayopenya kwenye mawe ikatulia chini. Hata Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipowapelekea watu wa Mji Mkongwe maji ya bomba aliyachukua kwenye chemchem za upande wa Bububu, na chemchem ni maji yale yale ya ardhini yaliyopata pa kutokea. Mtoto akishaelewa kwamba kisima cha nyumbani kwao na chemchem ya Sultani ni hazina moja ya namna moja, somo la ukame linabadilika sura. Anaacha kutazama mbingu peke yake.

Ukurasa wa pili nilioutoa kabatini unagawa ukame mara tatu, na mimi nikaupa majina ya kwetu: ukame wa mvua, ukame wa shamba, ukame wa kisima. Aina hizi haziji kwa pamoja. Mvua ikigoma, shamba huanza kulalamika baada ya wiki kadhaa, na kisima huchelewa zaidi. Halafu mvua ikirudi, kisima ndicho cha mwisho kupona, na hapo ndipo watu wanapogombana na sheha: mvua imenyesha, mbona maji hakuna? Kwa mfano niliwapa wa karibu. Miaka ya 2020 hadi 2022 ilikuwa ya La Niña mfululizo, hali ya Bahari ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ambayo huku kwetu Afrika Mashariki mara nyingi hupunguza vuli. Oktoba 2022 mto Ruvu ulishuka mpaka Dar es Salaam wakaingia kwenye mgao. Mwaka uliofuata ikaja El Niño, kinyume chake, na vuli ya 2023 ikafurika. Watoto wanaikumbuka vizuri hiyo ya mwisho, wengine kwa sababu ya barabara kukatika wakakosa skuli.

Sasa kisanduku. Hapa ndipo pesa zenu zilipo.

Maelekezo yanasema ujaze kokoto, mchanga, udongo, umwagie maji juu, halafu uvute kwa kipampu uone usawa wa maji unavyoshuka. Inafanya kazi, na darasa linatulia kimya kwa sababu wanaona kwa macho kitu ambacho siku zote wamekisikia tu. Lakini ardhi yetu huku si mchanga na kokoto. Ni mawe ya matumbawe yaliyojaa mianya na mapango. Kwa hivyo nilimwaga mchanga wao wote, nikawatuma watoto walete mawe yaliyovunjika kutoka pale yanapochongwa matofali, tukayapanga ndani ya kisanduku. Tofauti ni kubwa mno. Kwenye mchanga, maji ya rangi uliyoyamwaga upande mmoja yanasogea taratibu. Kwenye mawe yetu unamwaga, na kabla hujamaliza kuwauliza wanaonaje, rangi imeshafika kwenye kipampu cha upande wa pili. Niliandika CHOO kwenye karatasi nikaibandika huku, KISIMA nikaibandika kule. Sikuwa na haja ya kusema zaidi. Vile vidonge vya rangi vya vyoo vya Marekani ndivyo tulivyotumia hapo, baada ya kichupa cha rangi kilichokuja na sanduku kumalizika upesi.

Jaribio la pili ni la bahari. Tulijaza upande mmoja maji ya chumvi yaliyotiwa rangi nyekundu, upande wa pili tukamwaga maji ya mvua taratibu. Maji matamu ni mepesi: lita moja ina uzito wa kilo moja, na lita ya maji ya bahari ina kama gramu 1,025. Kwa hivyo matamu yanakaa juu ya chumvi bila kuzama. Kanuni yake inaitwa ya Ghyben na Herzberg, na hesabu yake mtoto wa Kidato cha Kwanza anaiweza: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Geuza hesabu. Ukivuta kwa pampu mpaka ile mita ya juu ikaondoka, zile 40 za chini nazo zinakosa kinachozishikilia, na chumvi inaanza kupanda. Kwenye kisanduku unaona ulimi mwekundu ukipanda kuelekea kwenye kipampu, na mvulana aliyekuwa akivuta aliacha mwenyewe bila kuambiwa.

Kasoro: mshono wa kisanduku ulianza kuvuja mapema, tukauziba kwa silikoni ya fundi madirisha, na kipampu kimoja kilikufa kwa sababu ya chembe za mawe. Ombeni cha akiba mnapoagiza, au mchukue kichwa cha chupa tupu ya sabuni ya maji. Kinaingia sawasawa.

Kalamu ya kupimia chumvi ni kitu ambacho ningekinunua hata peke yake. Unaitumbukiza kwenye kikombe, inakupa namba ya miligramu za vitu vilivyoyeyuka kwenye kila lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema maji yaliyo chini ya 600 kwa kawaida yana ladha nzuri, na yakivuka 1,000 watu huanza kuyakataa. Bahari ina kama 35,000, na kalamu hii mwisho wake ni 9,990, kwa hivyo ukiitia baharini inaandika kosa. Watoto walifurahia hilo kuliko namba zote. Betri zake ni zile za saa, zinapatikana popote Mjini.

Tuliokota maji ya sehemu mbalimbali kwenye chupa zenye namba. Maji ya mvua kutoka kwenye simtangi la skuli yalisoma 22. Kisima cha karibu na ufukwe kilisoma zaidi ya 2,300. Katikati kulikuwa na kisima cha msikiti, 780, na kisima kimoja cha upande wa mashambani, 690. Tukiwa njiani kurudi tukapita barazani kwa bibi mmoja wa mtaa ule, anasuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, bibi. Tunapima chumvi."

"Chumvi inapimwa kwa ulimi," akasema, akanyoosha mkono apewe chupa.

Akaonja moja moja, anatema pembeni, anazipanga mbele yake. Ya kwanza na ya mwisho alikubaliana na kalamu. Zile mbili za katikati akazigeuza: ya msikiti akaiweka mbele, ya shamba akairudisha nyuma. Mwanafunzi mmoja akamwonesha namba: "Bibi, kalamu inasema haya ya msikiti ndiyo yenye chumvi zaidi." Bibi hakuitazama hata kidogo. "Basi hiyo kalamu yako haijawahi kupika choroko. Maji ya kisima hicho cha shamba unaweza kuchochea kuni mpaka magharibi, choroko zimekukodolea macho."

Nilirudi nalo darasani, kwa sababu ni sayansi kamili. Kalamu inahesabu kila kilichoyeyuka kwa jumla, haikwambii ni kitu gani. Chumvi ya bahari ni kitu kimoja, chokaa inayotoka kwenye mawe ni kingine, na chokaa ndiyo inayozifanya nafaka za jamii ya kunde zisiive na sabuni isitoe povu. Kipimo chake hakina gharama: chupa mbili zenye maji sawa, kipande sawa cha sabuni ya mche kwenye kila moja, tikisa. Iwe sabuni ya mche, kwa sababu ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu. Maji ya msikiti yalitoa povu zuri. Ya shamba yalitoa utando mweupe tu. Bibi alikuwa na haki yake, na kalamu pia, kila mmoja alikuwa anajibu swali jingine. Kitabu cha mwalimu hakina neno hata moja juu ya hili.

Na hapa niwe mkali kidogo. Boksi linadai kalamu inaonesha kama maji ni "salama". Si kweli, na huku kwetu ni hatari kuwaambia watoto hivyo. Kalamu haioni vijidudu. Maji yaliyosoma 22 yanaweza kuwa na kinyesi cha kunguru kutoka juu ya bati, na maji yenye kipindupindu yanaweza kusoma namba ya kupendeza kabisa. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo mno wakati wa mlipuko wa 2015 na 2016, lakini wazazi wao hawajasahau. Mwalimu atakayenunua sanduku hili aseme jambo hili kabla hajaitoa kalamu kwenye kifuko chake.

Kipimamvua ni kizuri, ila namba kubwa ni za inchi na milimita zimeandikwa kwa maandishi ya kuchungulia. Funikeni inchi kwa plasta. Uzuri wa milimita ni kwamba hesabu inakuwa nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, basi. Jengo letu moja la madarasa lina paa la mita 25 kwa 8, yaani mita za mraba 200. Mvua ya milimita 20 ikinyesha ni lita 4,000 zinazoanguka juu ya bati. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia na kukauka, zinabaki 3,200. Watoto walipomaliza hesabu hiyo wakatoka nje kutazama, wakaona mlizamu upo upande mmoja tu wa paa. Barua waliyoiandikia kamati ilikuwa na hesabu hiyo hiyo na mchoro, na ilikuwa na nguvu kuliko zangu zote za nyuma.

Saa ya mchanga haikupotea bure. Siku mfereji ulipotoka tuliitumia kujua maji yanatoka kwa kasi gani: ndoo inajaa kiasi gani katika dakika tano. Halafu tukaitumia kwenye udhu, ambao niliuweka mahali pa lile somo la mswaki. Kila mmoja alitawadha mferejini akiwa ameweka beseni chini, tukapima yaliyomwagika, kisha akatawadha kwa kopo. Mferejini wengi walivuka lita nne. Maalim wa dini aliingia darasani kuwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Wavulana walishindana siku nzima nani atafika kwenye mudi hiyo, na nilibidi niwakumbushe kwamba visigino navyo vioshwe.

Somo la nyasi za bustani nililiweka mwisho, nikidhani nitalipitia kwa haraka. California, karibu nusu ya maji ya majumbani mijini huishia kwenye bustani. Mvulana mmoja, baba yake ni mtunza bustani kwenye hoteli, akasema nyasi za pale zinamwagiliwa asubuhi na jioni, hata wakati wa kaskazi. Hapo nikawapa namba ambayo ninayo siku nyingi: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikuta mtalii mmoja anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, sehemu kubwa ikienda kwenye kumwagilia bustani. Wenyewe wakagawa kwa 20: madumu 34 na zaidi. Kisha nikawapa amri ya Cape Town, Afrika Kusini, ya 2018, wakati mji ule ulipokaribia kukaukiwa, kila mtu asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku. Kitabu kinataka wanafunzi washtuke kwa uchache wake. Darasa langu lilishtuka kwa wingi: madumu mawili na nusu, mtu mmoja? Mjadala baada ya hapo ulikuwa mkali, kwa sababu wazazi wa nusu ya darasa wanakula mkate wa hoteli, na hakuna aliyetaka kumsema baba wa mwenzake. Niliwaacha wabishane mpaka kengele. Kwa mwalimu mgeni wa pwani, lishikeni somo hili kwa uangalifu, lakini msiliruke.

Bango ni la tone la maji lenye macho na tabasamu. Limefunika ufa ukutani.

Kwa jumla ninalipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama skuli yenu iko kwenye mawe, karibu na bahari, na mna visima vya kupima, litawafaa sana. Kama mko Mjini na maji yenu ni ya mfereji tu, kisanduku bado kinafaa lakini kalamu itakosa kazi. Mwalimu asiyesoma Kiingereza vizuri asiogope. Kurasa za maana hazizidi kumi, na nimeziandika kwa Kiswahili kwa mkono, anayetaka nakala aje achukue. Muulizeni wakala bei ya vitu kimoja kimoja. Wa kwetu alikataa mwanzo, kisha akakubali kuuza kalamu peke yake kwa elfu thelathini na tano, na ameniahidi mzigo ujao ataniwekea mbili.